UOVU UNAOVIZIA: UHAKIKI WA DHANA YA MARADHI FICHE KATIKA TAFSIRI ZA KAMCHAPE, UFIPA

Roy Willis alifanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati vuguvugu la Kamchape lilipopita katika vijiji vya uwanda wa juu wa Sumbawanga, mji ambao jina lake huelezwa mara nyingi kuwa na maana ya "tupa uchawi". Makala yake ya mwaka 1968, na ile ya mwaka 1970 iliyotoka katika kitabu kilichohaririwa na Mary Douglas, zimekuwa rejeo muhimu katika mjadala wa utakasaji wa uchawi. Mkazo wake ni wa kijamii: Kamchape iliahidi kijiji kipya kisicho na uadui. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaacha swali moja: ni nadharia gani ya mwili na wakati iliyoifanya ahadi hiyo iaminike?

Jibu limo katika mantiki ya dawa yenyewe. Jina Kamchape linahusiana na mchape wa Nyasa, kutokana na kitenzi chenye maana ya kufua. Audrey Richards, akiandika mwaka 1935 kuhusu Wabemba, alieleza imani kwamba aliyekunywa dawa hiyo kisha akaurudia uchawi angekufa. Dawa, basi, haikumaliza kazi siku ilipotolewa. Ilikaa mwilini kimya ikingoja kosa. Uovu uliofichwa ulikabiliwa na tiba iliyofichwa.

Tiba ya Kichina ina dhana inayokaribiana na hiyo, fuxie, yaani nguvu ya maradhi inayovizia mwilini. Chimbuko lake ni *Huangdi Neijing*, kitabu cha kale kinachodai kuwa mtu aliyedhuriwa na baridi wakati wa kipupwe huugua homa majira ya kuchipua. Hata hivyo, mfanano huo usipewe uzito kupita kiasi. Katika nadharia ya Kichina kinachovizia ni baridi, na dhamana yake ni ya majira na ya udhaifu wa mwili. Katika Kamchape kinachovizia kina mwenyewe, naye ni jirani au ndugu.

Tofauti ya pili ni ya kiuhakiki. Mwaka 1642 tabibu Wu Youxing aliipinga dhana ya baridi iliyolala miezi kadhaa: ikiwa baridi kidogo humwuguza mtu papo hapo, vipi baridi kali itulie hadi majira mengine? Hakuutupa ufiche wote. Alieleza kuwa hewa chafu ya tauni huingia kwa pua na mdomo, ikajificha kabla ya kulipuka. Aliubana tu kwa hoja. Katika utakasaji, kinyume chake, kila tokeo huthibitisha nadharia: mtuhumiwa akiwa mzima, dawa imemlinda, akifa, alirudia uchawi. Dai lisilokanushika halimwachii mtuhumiwa njia ya kujitetea.

Ulinganisho huu una mipaka. Unaweka maandiko ya matabibu kando ya matendo yaliyosimuliwa na watafiti wageni. Vilevile, si kila ugonjwa Ufipa ulihusishwa na uchawi. Mizimu ya mababu na pepo wa mahali walihesabiwa pia. Pamoja na hayo, unaonesha kasoro katika tafsiri inayoitazama Kamchape kama upatanisho pekee: amani ya kijiji ilinunuliwa kwa shaka iliyobaki ndani ya miili ya wachache.

Suala hili si la kihistoria tu. Sheria ya Uchawi imekuwapo tangu mwaka 1928, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inaitambua kazi ya waganga. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Sheria huweza kumzuia mpiga ramli, lakini haijibu swali la mgonjwa: ugonjwa huu ulikuwa wapi kabla haujaonekana? Tafiti zijazo za tiba Ufipa zinapaswa kuanzia kwenye swali hilo, na kutenganisha maradhi yanayovizia na mtu anayetuhumiwa kuyaficha.