Bwawa la Mbao Nyeri: Uzito Kwanza, Samaki Baadaye

Katika mwaka wa fedha 2009/10, Mpango wa Kuchochea Uchumi ulilenga kuchimba mabwawa ya samaki 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 nchini, kila bwawa likiwa na mita mraba 300. Nyeri ilipata fungu lake, na baadaye ikapata kiwanda cha kusindika samaki pale Wamagana. Baadhi ya mabwawa yale bado yana samaki. Mengi yameota nyasi.

Anayehamia nyumba mpya leo kwenye ploti ya thumuni ya ekari hana pa kuchimba shimo la ukubwa huo. Ndiyo maana bwawa la juu ya ardhi limeshika kasi: boksi la mbao, ndani yake nailoni nzito, basi. Fundi hulisimamisha kwa siku chache, na kwa macho halina tofauti na kitanda kirefu cha kupandia mboga. Tofauti iko kwenye mzigo.

Tuchukue kipimo cha kawaida, urefu mita 4, upana mita 2, kina mita 1. Hayo ni maji ya lita 8,000, yaani tani 8, zimekaa nyuma ya nyumba yako usiku na mchana. Ubavu mmoja wa mita 4 unasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 2 hivi. Ukisema uongeze kina kidogo tu, kifike mita 1.2, ubavu huohuo unasukumwa kwa karibu tani 3, kwa sababu nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kina. Msukumo mkubwa uko chini, wala si juu. Kwa hiyo nguzo zizame ardhini, na mikanda ya kufunga mbao ikaribiane zaidi kwenye theluthi ya chini. Mafundi wengi hufanya kinyume: wanaimarisha ukingo wa juu kwa sababu ndio unaoonekana, halafu mbao za chini zinaanza kutoa tumbo.

Kisha kuna mteremko. Nyeri ni migongo na mabonde, na ploti iliyo sawa kweli ni bahati. Usijaze udongo upande wa chini ili kusawazisha, maana udongo mwekundu uliomwagwa jana utashuka ukibebeshwa tani 8. Kata upande wa juu mpaka ulingane na wa chini. Kipimo ni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, ncha moja kila upande, maji hayadanganyi. Ng'oa ndago zote pamoja na viazi vyake, kwa kuwa ncha zake hutoboa plastiki nyembamba, kisha tandaza mchanga uliochekechwa.

Hesabu ya nailoni ni rahisi, lakini watu huikosea dukani. Urefu wa bwawa, jumlisha kina mara mbili, jumlisha nusu mita kila upande ya kukunjia ukingoni. Kwa bwawa letu ni mita 7 kwa 5. Chagua ya maikroni 500 kwenda juu, iliyokingwa dhidi ya jua. Karatasi ya kufunikia nyanya haifai kazi hii. Kuhusu bomba la kutolea maji, mimi ni wa upande wa wasiotoboa. Kila tundu kwenye nailoni ni mahali pa kuvuja kesho. Kwa kuwa ardhi inateremka, mpira wa kawaida uliojazwa maji, ncha moja sakafuni mwa bwawa na nyingine kwenye shamba la nduma chini yake, utanyonya maji machafu ya chini bila pampu. Nduma nazo zitashukuru kwa mbolea.

Hadi hapo ni useremala. Kinachowashinda wengi ni baridi.

Kituo cha ufugaji samaki cha Sagana, kule Kirinyaga, kiko kwenye mwinuko wa mita 1,230 hivi. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750. Hewa hupoa kwa zaidi ya nusu digrii kila unapopanda mita 100, kwa hiyo Nyeri ina baridi kuliko Sagana kwa takriban digrii 3. Tilapia hustawi maji yakiwa digrii 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kwa kusitasita na ukuaji wake huzorota. Kifaranga anayefika mezani kwa miezi 6 hadi 8 kwenye joto anaweza kupita mwaka hapa. Wa Nanyuki wana jua zaidi, lakini usiku wao ni mkali. Dawa ni kulifunika bwawa kwa kibanda cha plastiki kama cha nyanya, na kulisha alasiri, maji yakishapata joto. Wanaouliza kuhusu trauti wa mito ya mlimani wajue kwamba yule anataka maji baridi yanayotiririka, si boksi lililotuama.

Utunzaji wenyewe ni suala la idadi. Mpango wa 2009 ulitoa vifaranga 1,000 kwa bwawa la mita mraba 300, yaani zaidi kidogo ya 3 kwa kila mita mraba. Kwa uwiano huohuo, bwawa letu la mita mraba 8 linatosha samaki 27. Nimeona watu wakimwaga 300. Wanaweza kuishi, lakini kwa pampu ya hewa na kubadilisha maji mara kwa mara, na umeme ukikatika usiku, asubuhi unawakuta wameelea. Mwani unaotoa oksijeni mchana huitumia usiku, kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni kabla ya mapambazuko. Ukiwaona midomo juu ya maji alfajiri, usiwape chakula. Nyonya robo ya maji ya chini, ongeza mapya. Kambare huvumilia zaidi kwa vile anaweza kuvuta hewa ya juu, ila baridi humdumaza vilevile.

Kipimo cha kila siku hakihitaji duka. Nyoosha mkono ndani ya maji, kiganja kikitazama juu. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, mwani umezidi: punguza chakula, badilisha maji. Ukikiona vizuri hata baada ya kiwiko kuzama, maji ni mepesi mno na samaki hawana cha kudonoa. Maji ya bomba yaachwe wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Ya mvua ni bora. Paa la mabati la mita mraba 100, kwa mvua ya milimita 10, lina uwezo wa kuteka karibu lita 1,000. Lakini maji ya mvua hayana madini, kwa hiyo chokaa kidogo ya kilimo husaidia.

Na jambo moja lisingoje vifaranga. Mita moja ya maji inatosha kumzamisha mtoto, na mikanda ile ya mbao ubavuni ni ngazi tayari. Jenga ua wenye lango la kufungwa na tandika wavu imara juu ya bwawa kabla hujafungulia maji. Kama pesa hazitoshi kwa bwawa na ua, subiri.