Seli shina za Kyoto na ugonjwa wa FOP: labo imefanya nini, na nini haijafanya

Kila mara mutu anaandika «seli shina zimeponya ugonjwa fulani», mimi nauliza kwanza: ziliingia mu mwili wa mugonjwa, ao zilibakia mu sahani ya labo? Ni vitu viwili tofauti kabisa, na wenye kuuza poda ya «seli shina za tofaa» wanakula ku ile kuchanganya. Basi tuchukue mufano mumoja wa kweli, tuusome vizuri: kazi ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, juu ya FOP.

FOP, ao fibrodisplasia osifikansi progresiva, unapata karibu mutu mumoja kwa kila milioni moja ao mbili. Musuli unageuka kuwa mufupa. Mufupa wa kweli, si chokaa. Mutoto anaanguka, ao anapigwa sindano ku paja, uvimbe unatokea, na kisha mufupa unaota pale. Polepole shingo, mugongo, mabega na taya vinafungwa. Mifupa ya Harry Eastlack, Mumarekani aliyekufa 1973 mbele afikishe miaka 40, iko mpaka leo ku Mütter Museum, Philadelphia, na imeshikana yenyewe kama ukuta. Mu 2006 timu ya Eileen Shore na Frederick Kaplan, ku Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ilipata chanzo: herufi moja tu imebadilika mu jeni ACVR1. Mara nyingi wazazi wote wawili hawana lile kosa, linaanza kwa mutoto mwenyewe. (Njo maana kutafuta mulozi mu jamaa ni kupoteza wakati, na ni kuongeza maumivu juu ya maumivu.)

Sasa angalia shida ya mutafiti. Ili kuchunguza ugonjwa unahitaji kipande cha mwili wa mugonjwa. Lakini ukimukata mugonjwa wa FOP, kile kidonda kinaweza kuzaa mufupa mupya. Utajifunza ugonjwa kwa kuuongeza? Hapa njo seli shina zinapata maana yake ya kweli. Mu 2006, mwaka ule ule, Shinya Yamanaka alionyesha kwamba seli ya kawaida ya panya, ukiiongezea jeni ine, inarudi nyuma ku hali ya mwanzo, kisha inaweza kuwa karibu seli yoyote. Mu 2007 alifanya vile na seli za mutu, na mu 2012 akapata Nobel pamoja na John Gurdon. Sisi wa agronomia hatukushangaa sana, juu ku mugomba kipande kidogo cha shina mu chupa kinazaa mumea muzima. Lakini kwa nyama na mutu ilikuwa mulango mupya.

Timu ya Junya Toguchida na Makoto Ikeya ilitoa seli kama hizo kwa wagonjwa wa FOP. Kitu ninachosifu sana si mashine zao, ni namna walivyolinganisha. Kwetu ukileta matokeo ya mbolea bila shamba la kulinganisha, profesa anakurudisha nyumbani. Wao walichukua seli za mugonjwa, wakasahihisha lile kosa moja, kisha wakaziweka kando ya zile zenye ugonjwa. Mutu ni yule yule, tofauti ni herufi moja. Mu 2015 wakaona jambo: protini yenye kuitwa aktivini A, ambayo kwa kawaida haitoi amri ya kujenga mufupa, seli za FOP zinaisikia kama amri ile. Mwaka ule ule kampuni Regeneron ilifika ku jibu lile lile kwa njia ya panya. Njia mbili, jibu moja: hapo ninaamini.

Mu 2017 wakapima dawa 6,809, na ikaonekana njia ya mTOR njo yenye kusukuma ugonjwa. Kuna dawa ya zamani yenye kuifunga, rapamisini, iliyotoka kwa bakteria wa udongo wa kisiwa Rapa Nui. (Tena udongo! Tunausahau siku zote.) Mwaka ule ule majaribio kwa wagonjwa yakaanza Japani.

Sasa lawama zangu. Ya kwanza: seli mu sahani haina kidonda, haina homa, haina askari wa mwili wenye kukimbilia pale palipoumia. Na FOP inaanzaga mara nyingi na uvimbe. Walijaribu tena ku panya, ni kweli, lakini mwanzo wa mambo ulibakia nje ya sahani. Ya pili: rapamisini inapunguza kinga, njo maana inapewa watu waliopandikizwa figo. Mahali kifua kikuu kiko kila kata, ile dawa iko na bei nyingine kupita ya franka.

Ya tatu inakwenda kwa waandishi wa habari, si kwa Kyoto. Waliandika «dawa imepatikana», na majaribio yalikuwa yanaanza tu. Dawa ya kwanza ya FOP kukubaliwa Marekani, palovarotini, mu 2023, haikutoka ku hii njia ya seli shina hata kidogo, na watoto wadogo hawapewi juu inaweza kusimamisha urefu wao mapema.

Na kitu chenye faida kwetu leo, karibu hakuna mutu anakisema. Karibu kila mutoto wa FOP anazaliwa na alama: vidole gumba vya miguu ni vifupi na vimepinda kuelekea ndani. Haiombi labo, inaomba macho. Wanafunzi wa udaktari na wauguzi munaosoma hapa, ku maternite muko munavua mutoto soksi? Mukiona vile vidole, na kisha siku moja uvimbe mugumu ku mugongo ao shingo, musikimbilie kukata kipande juu ya kupima kansa, na sindano za musuli ziepukwe. Kipimo cha jeni chenyewe kinaomba damu kidogo ao mate tu.