Kukaza mirija: mkono wa fundi na mota ya kielektroniki

Mrija wa kondensa wenye kipenyo cha nje cha milimita 19.05 huchomekwa kwenye tundu la milimita 19.30 katika bamba linaloshikilia mirija. Robo hiyo ya milimita lazima izibwe kwa chuma cha mrija wenyewe. Fundi huingiza kitanuzi: rola tatu zinazoizunguka pini iliyochongoka kidogo. Pini ikizunguka huzama ndani, rola husukumwa nje, na mrija hutanuka mpaka ukagusa tundu. Hapo ndipo kazi inapoanza hasa. Ukuta wa mrija, wenye unene wa milimita 2.11, hukandamizwa zaidi, mara nyingi kwa asilimia 5 hadi 8, ndipo ushike. Kwa asilimia 5, kipenyo cha ndani kinatoka 14.83 hadi 15.29. Ukikaza pungufu, mrija unavuja. Ukizidisha, chuma kinakakamaa na kuweza kupasuka, tena tundu la jirani linavutika na mrija uliokwisha kukazwa unalegea.

Mafundi wa boila wa zamani walisikiliza mlio wa mota ya upepo ukishuka, wakatazama magamba yakibanduka kwenye bamba kuzunguka tundu, dalili kwamba bamba nalo limeanza kubeba nguvu. Ni ujuzi wa kweli, nami nauheshimu sana. Lakini mwili huchoka: mrija wa mia saba, mchana wa joto, haukazwi kama wa kwanza.

Mota ya kielektroniki haichoki. Hupima umeme inaovuta, na ukifika kiwango kilichowekwa husimama na kurudi nyuma yenyewe. Ila umeme huo huonyesha nguvu ya kuzungusha, si unene wa ukuta. Rola zikikauka mafuta, au mrija ukiwa na kutu ndani, msuguano unaila nguvu hiyo. Mota inasimama mapema na mrija ungali mlegevu, huku kidhibiti kikionyesha kiwango kimefikiwa.

Kwa hiyo namba ya kuweka lazima itafutwe na mtu. Fundi hukaza mirija michache ya majaribio, huipima ndani kwa geji, hupandisha au kushusha kiwango, kisha huiachia mota mamia yaliyobaki huku akipima baadhi na kubadilisha rola zilizochakaa. Ndiye pia anayehakikisha rola zinaishia kama milimita 3 kabla ya uso wa nyuma wa bamba, kwa sababu zikipita hapo huumiza mrija mahali pasipo na kitu cha kuuegemeza.

Kiwanda kinachonunua mota hii kinunue na geji, na kiwango kiwekwe na fundi mzoefu kila zamu inapoanza.