Heshima ya Innstetten na Binti wa Mpanda

Kila nikisema kwamba nasoma fasihi ya Kijerumani ya karne ya 19, naulizwa swali lilelile: "Sasa hiyo itakusaidia nini wewe, mtu wa Mpanda?" Nimeulizwa bwenini, nimeulizwa ndani ya treni ya kwenda Tabora, na mama yangu mzazi ameniuliza. Makala haya ni jaribio la kujibu, na nitajibu kwa riwaya moja tu: Effi Briest ya Theodor Fontane, iliyotoka kama kitabu mwaka 1895.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Effi ana miaka 17, bado anacheza bustanini na wenzake, anapoitwa ndani kwa kuwa mposaji amefika. Mposaji ni Baron Innstetten, ofisa wa serikali wa miaka 38, ambaye zamani alimtaka mama yake Effi. Baada ya ndoa wanakwenda kuishi Kessin, mji mdogo wa pwani, na huko mume anatingwa na kazi. Upweke unamsukuma Effi mikononi mwa Meja Crampas. Uhusiano huo unakwisha, wanandoa wanahamia Berlin, miaka zaidi ya sita inapita. Ndipo Innstetten anapoziona barua za zamani. Anamwita Crampas kwenye pambano la bastola na kumuua, anamtaliki Effi, mtoto anabaki naye. Wazazi wa Effi nao wanamfungia mlango. Wanapokuja kumfungulia ni mgonjwa tayari. Amerudi nyumbani kufa.

Katika semina tulikubaliana kwamba dhamira kuu ni jinsi heshima ya makabaila wa Prussia inavyomla mtu mzima mzima. Hapana shaka ni kweli. Innstetten mwenyewe anakiri, kabla ya pambano, kwamba hana chuki wala kiu ya kisasi. Anaua kwa sababu jamii inamtaka aue. Hapa mwandishi amefaulu sana, maana hatuonyeshi jitu katili, anatuonyesha mtu mwenye akili zake anayetii kanuni ambayo yeye mwenyewe haiamini.

Lakini karibu na mwisho kuna mazungumzo yaliyonifanya nifunge kitabu. Innstetten amepandishwa cheo ila moyo wake ni mtupu. Anamwambia rafiki yake Wüllersdorf kwamba afadhali aondoke, aende Afrika, kwa watu weusi wasiojua ustaarabu wala heshima. Eti wasiojua heshima! Kumbe ni sisi hao.

Mwenzangu mmoja alinipinga palepale: anayesema ni mhusika, siyo mwandishi, na isitoshe Wüllersdorf anamcheka. Pingamizi hilo ni la haki, na mhakiki asilikwepe. Lakini Chinua Achebe, katika mhadhara wake wa 1975 juu ya Joseph Conrad, alikwisha kutuonyesha kwamba mwandishi kujificha nyuma ya msimulizi hakutoshi, kama kazi yenyewe haitoi mtazamo mwingine. Wüllersdorf anaicheka safari, na kwa kejeli anamtaja hata Mfalme Mutesa wa Buganda, aliyekuwa amekwisha kufa tangu 1884. Dhana yenyewe haigusi. Hakuna mtu katika riwaya nzima anayeuliza kama ni kweli hatujui heshima.

Historia inauliza. Riwaya hii ilianza kutolewa kwa sehemu katika jarida la Deutsche Rundschau mnamo Oktoba 1894. Tarehe 30 ya mwezi huohuo majeshi ya Wajerumani yaliteka Kalenga, ngome ya Mkwawa. Naye Mkwawa mwaka 1898 alijiua kuliko kukamatwa. Hapo jirani yetu Tabora, Januari 1893, Mtemi Isike aliilipua baruti ndani ya boma lake Wajerumani walipoingia. Kama hiyo siyo heshima, basi neno hilo halina maana. Wala habari za huku kwetu hazikukosekana Ujerumani: barua za Dk. Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama aliyefika Ugalla na Karema, zilichapishwa Leipzig mwaka 1888.

Ningeweza kuishia hapo, nikapigiwa makofi. Bahati mbaya, au nzuri, likizo ilifika nikamsimulia mama kisa hiki huku tukimenya karanga. Kwenye pambano alicheka: "Mwanangu, si angedai ugoni wake tu, yakaisha?" Halafu akanyamaza. "Na mama wa huyo binti alikuwa wapi?"

Nilikwama. Mama wa huyo binti ndiye aliyeipanga posa! Na kumbe swali hilo ndilo linalofunga riwaya: mama wa Effi anajiuliza kama hawakumwoza angali mdogo mno, na mzee Briest, kama kawaida yake, analikwepa. Mimi nilikuwa nimelipita mbio, kwa sababu nilikuwa bado nina hasira na ile sentensi ya Afrika.

Nikamkumbuka msichana niliyekaa naye dawati moja. Alipata mimba kabla ya kidato cha tatu, wazee wakakaa kikao, akaozwa haraka ili ukoo usiaibike. Hakuna aliyeshika bastola. Na si yeye peke yake: utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini.

Hoja yangu sasa ni hii. Udhaifu wa sentensi ya Innstetten hauishii katika kututukana. Inawadanganya wasomaji wa Kijerumani kwamba heshima inayoua ni ugonjwa wa Prussia peke yake, na kwamba ng'ambo ya bahari iko pumzi. Haiko. Heshima huku ipo, ile ya Isike, na ile ya kikao cha wazee pia. Na hii ya pili analipa binti, kama kule. Kezilahabi alikwisha kutuambia katika Rosa Mistika (1971). Baba anamchunga Rosa kwa fimbo, na mwisho Rosa anajiua baada ya kukataliwa na mwanamume aliyetaka bikira. Rosa wa Ukerewe na Effi wa Prussia ni mtu na dada yake.

Jambo moja la mwisho. Fontane alikitoa kisa chake katika tukio la kweli, pambano la mwaka 1886. Mwanamke wa tukio lile, Elisabeth von Ardenne, hakufa kwa huzuni. Alifanya kazi ya uuguzi akaishi hadi 1952. Waandishi wetu wawili wamewaua mabinti wao ili tulie. Je, nani atamwandika yule anayebaki hai? Mwenzangu wa dawati yuko hai, anauza dagaa sokoni Mpanda. Nilipomsimulia Effi hakulia hata kidogo. Aliniuliza kama yule mtoto alirudishiwa mama yake.

Ndiyo faida ya kusoma Kijerumani, kwa anayeniuliza. Wenye maoni tofauti walete kalamu zao.