Mwendo Uliothibitishwa

Namsifu fundi anayeongeza mwendo wa prosesa kisha akakataa kumkabidhi mwenyewe mashine mpaka aithibitishe. Kupandisha mapigo peke yake ni kazi ya dakika chache. Mwaka 1998 watu waliitoa prosesa ya Celeron 300A kutoka megahezi 300 hadi 450 kwa kubadilisha tu mapigo ya ubao mama, kutoka 66 hadi 100. Ustadi uko katika yanayofuata.

Mapigo yakiongezeka, transista hupata muda mfupi zaidi wa kumaliza kila hatua. Zisipowahi, jibu hutoka limekosewa. Zikipewa volti zaidi zinawahi, ila joto linadai malipo yake: volti zikipanda kwa asilimia 10, umeme unaoliwa hupanda kwa takriban asilimia 21, kabla hujahesabu mapigo yenyewe.

Hapa Butembo, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku watu huvaa sweta, na mgeni atadhani baridi imemmalizia fundi nusu ya kazi. Kweli inasaidia. Lakini hewa ya mlimani ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 15, kwa hiyo feni ileile, ikizunguka vilevile, inaondoa joto pungufu. Ongeza vumbi la barabara linaloziba mapezi ya kipozajoto. Hesabu hiyohiyo iko Luviro, katika teritori ya Lubero, ambako mashine za kuchimba bitcoin zilianza kazi mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga: karibu umeme wote unaoingia kwenye kontena la mashine hizo hutoka ukiwa joto.

Kijana atauliza, “Yaya, si imeshawaka?” Imewaka, ndiyo. Fundi anafungua Prime95, programu ya George Woltman ya kutafuta namba tasa kubwa, ambayo katika kujipima hulinganisha hesabu zake na majibu yanayojulikana tayari. Anaiacha usiku kucha, na mchana pia, chumba kikiwa na joto. Kompyuta ikizima ghafla, afadhali, maana imejisema. Ninaloliogopa ni kosa la kimya: jumla isiyo sahihi katika daftari la mfanyabiashara aliyeagiza mzigo Guangzhou, au faili la tasnifu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Graben lililoharibika bila mtu kujua. Umeme ukiyumba, au jenereta ikichukua zamu, anapima upya, kwa sababu kifaa cha kugawa umeme kilicho dhaifu huangusha hata mipangilio mizuri.

Akishakijua kikomo, anarudi nyuma megahezi 100, pengine 200, na hapo ndipo heshima yangu kwake inapokuwa kubwa kuliko zote. Anaandika mapigo, volti na nyuzi za joto kwenye karatasi, anaibandika upande wa ndani wa kifuniko, ili fundi atakayeifungua mashine baadaye ajue pa kuanzia.