Mpime Mwongozaji kwa Zidaka

Ukitaka kumpima mtu anayewatembeza wageni katika nyumba ya kale, usihesabu tarehe anazozijua. Tazama anaanzia wapi. Katika makumbusho ya Nyumba ya Mswahili mjini Lamu, nyumba ya karne ya 18, mwongozaji mchanga huwakimbilisha wageni kwenye kiti cha enzi. Aliyeiva huwasimamisha kwanza chini ya dari. Huwaonyesha boriti za mikoko, akanyamaza, mpaka wajionee wenyewe kwamba upana wa chumba umefuata urefu wa boriti. Wakishaona hilo, hawaulizi tena kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine.

Kipimo kikubwa ni zidaka, zile safu za vishubaka vya lipu ya chokaa ukutani mwa ndani. Wako wasemao viliwekewa vyombo vya kaure. Wengine husema vilikinga husuda. Wengine huona ni uhodari wa kivuli, unaokifanya chumba chembamba kionekane kuwa na kina. Mwongozaji dhaifu hushika kauli moja akaiapia. Hodari hutenganisha: "Hiki mnakiona, hiki tumehadithiwa." Kisha huwataka wageni wakadirie kwa macho kama sahani ingeenea katika kishubaka kile kidogo cha juu. Huyo nampa alama zote, hata kama Kiingereza chake kinachechemea.

Kwenye birika la maji la nyumba, dakika moja yatosha: awaulize wageni samaki walifugwa mle kwa kazi gani, kabla ya kuwaambia kwamba walikula viluwiluwi vya mbu.

Tazama pia mikono yake. Anayegonga lipu kwa kidole ili kueleza nakshi amekwisha kuwapa wageni ruhusa ya kugusa, na jasho la mikono mingi huchafua chokaa na kuilegeza. Mzuri huelekeza kwa kiganja, akiwa mbali na ukuta. Kiti cha enzi, chenye mpingo, pembe na uzi uliosukwa, hakikaliwi na yeyote, hata mgeni mkubwa aombe namna gani. Na ni vyema aeleze kwamba zamani kilikaliwa na mgeni wa heshima, ili katazo lisisikike kama ukali. Lakini katazo peke yake huwachosha watoto. Jikoni pawepo mbuzi mpya, ya sokoni, na nazi iliyovunjwa: mtoto aketi, akune.