Kupima Hisa ya Programu za Benki kwa Miezi Mitatu

Benki ikishahamishia akaunti zake zote kwenye mfumo mmoja wa kompyuta, kuuacha ni kazi ya miaka. Ndiyo maana kampuni zinazouza mifumo hiyo hupata ada za matengenezo mwaka hadi mwaka. Mwenye hisa wa muda mfupi, hata hivyo, hafaidi sana uimara huo. Bei huyumbishwa na mikataba ya leseni, ambayo mingi husainiwa wiki za mwisho za robo mwaka. Mmoja mkubwa ukichelewa siku chache, hesabu za robo nzima hupwaya.

Kuna pia habari za ghafla. Temenos, kampuni ya Geneva inayouza mifumo hiyo, iliyoanzishwa 1993, ilishambuliwa tarehe 15 Februari 2024 na ripoti ya Hindenburg Research, kampuni iliyokuwa ikivuna faida bei inaposhuka. Hisa ilipoteza zaidi ya robo ya thamani siku hiyohiyo. Aprili, uchunguzi ulioagizwa na bodi ukasema tuhuma hizo si sahihi. Aliyebanwa na shida akauza Machi alikuwa amekwisha kula hasara.

Soko la Hisa la Dar es Salaam halina kampuni ya namna hiyo. Iliyo karibu nayo ni Vodacom Tanzania, yenye huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa, iliyouza asilimia 25 ya hisa zake mwaka 2017 kwa Sh850 kila moja.

Tuseme mkulima wa Singe, Babati, ameuza mbaazi Septemba na anataka kununua hisa, lakini Desemba atahitaji fedha hiyo kwa mbegu. Ada za dalali, soko na mamlaka ya masoko ya mitaji hukaribia asilimia 2 wakati wa kununua, na kiasi hichohicho wakati wa kuuza. Hisa ya Sh850 basi sharti ifike kama Sh885 ndipo arudishe mtaji tu. Baada ya hapo huangaliwa oda za wanunuzi, kipengele kinachopuuzwa mno: bei iliyo ubaoni haina maana pasipo mtu wa kuilipa. Gawio hukatwa kodi ya asilimia 5, na anayenunua rejista ya wanahisa ikishafungwa halipati.

Faida inayobaki hulinganishwa na dhamana za Serikali za siku 91, ambazo riba yake hujulikana tangu siku ya kununua.